Mashine Imemwona Nani?

Shoga, hebu sikia ya leo!

Si unajua ofisini wametuletea mashine ya kutambua sura? Leo kaja bibi mmoja kuhakikiwa pensheni yake. Nikamsimamisha mbele ya kamera, mashine ikamkaribisha kwa jina la mtu mwingine.

Bibi akaganda. "Hilo ni jina la pacha wangu," akasema. "Tulimzika mwaka jana."

Nikaomba radhi, nikamwambia mashine imekosea. Wala hakunisikia. Aligeuka taratibu kuangalia nyuma yake.

Na mimi nikageuka. Shoga, na mimi nikageuka!

Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, imemwona wapi?"

Nimeizima, nikamhudumia kwa mkono, akaenda zake.

Foleni imefika mlangoni, watu wananung'unika. Kuiwasha siwezi.