Tangi Chini ya Vigae vya Ruwais

Al-Murabba, Riyadh
12 Januari 2025

Mpendwa Baba Joy,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonisumbua jioni, lakini huo tumezoeana. Hofu ni kwako na kifua chako, na unyevu wa huko pwani.

Usishangae kuona karatasi. Unajua madam hunipa simu Ijumaa peke yake niongee na Joy na kukhu, bibi yake, na watoto wake hukaa ubavuni. Siku hizi wana kitu kwenye simu kinachotafsiri kila lugha. Onesmus amekubali kutubebea barua kila lori lake linapotoka bandarini Jeddah kuja huku. Mpe chai, ila usimpe maneno mengi, mdomo wake hauna mlango.

Sasa sikia. Baba wa hapa anamtafutia mama yake nyumba Jeddah. Ni yule Hajja niliyekwambia, magoti yamemkatalia, na anasema anataka kuzeekea karibu na Makka. Nikiwa naandaa meza nikawasikia wakitaja Ruwais. Nikaweka sinia chini, nikamwambia madam, mume wangu ni mlinzi wa nyumba hukohuko Ruwais, na bosi wake anaiuza. Waliniangalia kana kwamba kiti ndicho kimesema. Kisha baba akacheka, akaomba namba ya bosi wako.

Madam anasema wakiinunua, mimi nitaenda kumhudumia Hajja, na mlinzi atabaki yuleyule. Mlinzi yuleyule ni wewe, Baba Joy. Tungekaa ua mmoja. Tangu tufike nchi hii tumeonana mara moja tu, kwenye stendi ya basi, tukala sambusa tukaachana. Nimechoka kuwa mke wa kwenye simu. Tafadhali ifagie nyumba hiyo, ipake rangi, ipendeze.

Wako,
Mama Joy


Ruwais, Jeddah
27 Januari 2025

Mama Joy wangu,

Salamu zako nimezipata na kifua kinakusalimu pia, kinakohoa kwa adabu siku hizi. Mungu ametuweka. Onesmus amekunywa chai yake na mkate wangu wote, sasa nakuandikia nikiwa na njaa.

Barua yako niliisoma nikairudia. Sikutaka kufurahi haraka, maana nchi hii imenifundisha. Lakini siku iliyofuata nilijikuta nimeshanunua brashi ya rangi.

Nikueleze nyumba ilivyo. Ni ya zamani, ya ghorofa moja. Huku chini marehemu baba yake bosi alikuwa akioka mikate ya kuuza mtaa mzima, hata masizi ya tanuri bado yako ukutani, au yalikuwepo kabla sijayapaka rangi. Stoo ya unga ndiyo waliyoigeuza chumba cha mfanyakazi. Ndicho kitakachokuwa chako. Kina dirisha la kutazama ua, na chumba changu kiko ng'ambo, karibu na geti. Nikikaa mlangoni na wewe ukikaa dirishani, tunaonana.

Kasoro ni ndogondogo. Nanaa niliyopanda uani imekufa mara tatu, sijui ardhi hii ina nini. Na kuna bomba fupi la chuma limetokeza nyuma ya chumba chako, halina kazi yoyote. Nimelipaka nyeupe nalo lisione aibu mbele ya wageni.

Mimi wako,
Baba Joy


Al-Murabba, Riyadh
19 Februari 2025

Baba Joy, mpenzi,

Hujambo huko? Mimi leo sijambo kabisa, hata mgongo umesahau kuuma.

Wamerudi kutoka huko na wameipenda. Mimi niliachwa na watoto, unajua, lakini madam alinihadithia akiwa anavua viatu. Anasema ua una vigae vipya vinang'aa, na kila chumba kinanukia udi kama nyumba ya harusi. Hajja mwenyewe amesema ni hapo hapo, hataki kuona nyingine. Baba ametoa arbuni, na watatiliana sahihi baada ya Idi.

Sikujua kama wewe ni fundi hivi. Vigae vipya, Baba Joy! Kwetu Kimilili mlango wa choo ulining'inia mwaka mzima, nawe ukisema utautengeneza kesho.

Nimeanza kupanga nguo kwenye begi, kidogokidogo, madam asione.

Wako wa daima,
Mama Joy


Ruwais, Jeddah
2 Machi 2025

Mama Joy,

Natumaini uko salama. Mimi ni mzima, ila mikono inanuka na sabuni imeshindwa. Ukiwa jikoni, kaa kwanza ndipo usome.

Wiki moja kabla wageni wako hawajaja, bosi aliniambia nijaze maji ili bomba zikifunguliwa yatoke kwa nguvu. Huku nyumba zote zina tangi la maji chini ya ua. Lori la maji linakuja, unafunua mfuniko, dereva anatumbukiza mpira. Sasa mimi nikisugua ua nilikuta kigae kimelegea, na chini yake mfuniko wa pili. Nilifurahi kama mjinga. Nikasema, kumbe nyumba hii ina matangi mawili, hawa watu wa Riyadh hawataiacha, na Mama Joy anakuja. Nikamwambia dereva wa lori, yalla, jaza na hili.

Maji yaliingia. Halafu kikaanza kupanda kitu cheusi, polepole, kikafika mdomoni, kikamwagika mpaka mlangoni pa chumba chako. Dizeli. Ndiyo iliyokuwa ikiwasha lile tanuri la mikate. Walipofunga biashara waliliacha tangi humohumo na mafuta yaliyobaki, wakatandika vigae juu, halas. Mimi nimekwenda kutia maji chini yake, mafuta yakaelea juu. Na lile bomba nililolipaka rangi, kumbe ndilo lililokuwa likitoa hewa ya tangi.

Bosi alikuja. Nilingoja matusi, hakutukana. Aliangalia tu, akaenda kuleta mchanga, saruji, vigae na udi. Mimi ndiye niliyefukia, na mimi ndiye niliyepanga hivyo vigae mlivyovisifu. Nilipomaliza akaniambia, ukinyamaza, ikama yako, kibali chako cha kukaa hapa, naihamishia kwa mnunuzi pamoja na nyumba. Ukisema, unarudi kwenu.

Siku walipokuja nilitolewa nje, maana kulikuwa na wanawake, na hiyo ndiyo desturi. Nikakaa ng'ambo ya barabara juu ya ndoo ya rangi. Nilimwona Hajja akisukumwa kwenye kiti chake. Aliniinulia mkono, nami nikamwinulia.

Tangi hilo limepakana na tangi la maji, ukuta kwa ukuta, na limeliwa na kutu. Maji ya bomba yana utandu juu. Mimi nanunua ya chupa siku nyingi, nilidhani ni ubovu wa mabomba tu. Nikinyamaza, utakuja. Na ukija, utaishi juu yake. Nimechoka kuwaza jambo hili peke yangu.

Baba Joy


Al-Murabba, Riyadh
15 Machi 2025

Baba Joy,

Salamu. Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na ni mwezi wa mfungo, jikoni ni moto tangu adhuhuri mpaka daku. Afya ipo.

Nyamaza. Hilo ndilo jibu langu. Maji tutanunua ya chupa, tutakunywa ya chupa, tutapikia ya chupa. Wapi nimelala katika nchi hii pakawa pazuri? Nyumba ya kwanza nililala kwenye kibaraza cha kuanikia nguo. Harufu ya dizeli ni nini? Wewe mwenyewe ulipokuwa utingo pale Webuye ulirudi ukinuka dizeli kila siku, na nilikuzalia Joy.

Mimi ndiye niliyeitaja nyumba hiyo mbele ya watu. Usinifanye nikaitengua kwa mdomo uleule.

Lakini nikuulize kitu kimoja na unijibu kweli. Hajja atalala chumba cha chini kwa ajili ya magoti, kile kinachopakana na changu. Ana pumu. Usiku mimi ndiye ninayemwinua akae apate pumzi. Kila nikimletea chakula humega mkate, anipe kwanza mimi, ndipo ale. Hiyo harufu inafika ndani?

Mama Joy


Ruwais, Jeddah
24 Machi 2025

Mama Joy,

Mimi mzima, nakuombea nawe uwe mzima.

Inafika. Udi ulipoisha ilirudi, na joto likizidi inazidi. Jana nililala chumbani kwako makusudi nijue. Niliamka kichwa kikinigonga.

Laiti ningekwambia haifiki. Nilikaa na kalamu nikijaribu kuandika hivyo. Lakini siwezi kukuleta kwenye nyumba niliyokudanganyia. Wala sikuachii wewe mzigo huu. Ningesema mimi, ila mlinzi haongei na wanunuzi, anaongea na bosi, na bosi ndiye aliyeniamuru nifukie. Aliye ndani ya nyumba yao ni wewe.

Lolote utakalofanya, mimi sitakulaumu. Hata ukinyamaza.

Baba Joy


Al-Murabba, Riyadh
6 Aprili 2025

Mpenzi wangu,

Salamu nyingi, na unisamehe.

Nilikuwa nimekata shauri ninyamaze. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimekata shauri kabisa. Idi ikapita, siku ya kutiliana sahihi ikawekwa. Jana Hajja akaniita nimkande miguu. Akaanza kunihadithia kwa furaha ile yake ya kitoto, kwamba kwenye ua ule mimi na yeye tutapanda nanaa, nitakuwa naichuma asubuhi kwa ajili ya chai yake.

Nikaikumbuka nanaa yako iliyokufa mara tatu.

Kiarabu changu unakijua ni cha jikoni. Nikamwambia, Hajja, pale nanaa mafi, hakuna. Haioti. Chini kuna tangi la dizeli, na moya, maji yake, si mazuri. Aliacha kutabasamu. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema, mume wangu. Akaniuliza, na mume wako atafanywa nini? Nikasema sijui. Akanishika mkono, akakaa nao, halafu akamwita mwanawe.

Baba alipiga simu Jeddah palepale. Akatuma watu wavunje vigae, na bila shaka wewe uliwaona kabla yangu. Nyumba hawanunui tena, arbuni wameidai, na Hajja hatoki Riyadh. Simu baba amenizuilia, hata ile ya Ijumaa. Anasema kama niliweza kukaa na siri hiyo mwezi mzima, hajui nina nyingine ngapi.

Hapo hapo madam naye anasema mtu mwaminifu kama mimi hawawezi kumwachia, watanifanyia mkataba mwingine nikae na Hajja. Sikujua nicheke au nilie. Nililia, baadaye, nikiwa naosha sufuria.

Nijibu upesi. Niambie tu uko wapi.

Wako,
Mama Joy


Al-Murabba, Riyadh
18 Mei 2025

Baba Joy,

Uko salama? Onesmus amenirudishia barua mbili hazijafunguliwa. Anasema kwenye geti kuna mlinzi mwingine, mtu wa Bangladesh, na kwamba amesikia ulikuwa mtaa wa Al-Mahjar, kwa rafiki yako Robinson. Amekwenda kwa Robinson akakuta chumba kina watu wengine.

Ninampa hii ya tatu. Begi langu bado halijafunguliwa.

Mama Joy


Kimilili
9 Juni 2025

Mama Joy wangu wa pekee,

Salamu kutoka nyumbani. Ndiyo, umesoma vizuri, nyumbani. Mimi sijambo, Joy hajambo, kukhu wake ana kikohozi lakini bado anafokea kuku. Barua hii anakuletea Magdaline wa kwa kina Wafula, likizo yake imekwisha na anarudi huko Riyadh kazini. Namba yako napiga kila siku, inalia haipokelewi.

Bosi hakunitukana hata siku vigae vilipovunjwa. Alinifungulia geti tu, nikatoka na nilichovaa. Simu na begi vilibaki chumbani. Nilijibanza kwa Robinson siku kadhaa, kisha bosi akatuma mtu na tikiti na karatasi ya kutoka nchini. Uwanja wa ndege nikaona safari nyingi za Riyadh kwenye ubao. Tulitaka mji mmoja, sasa hata nchi si moja.

Usijilaumu, nasema hivyo na ninamaanisha. Ningekuwa mimi jikoni kwao ningesema pia, labda siku hiyohiyo, labda ningechelewa kama wewe. Nimechoka tu. Nalala mchana kama mzee. Mlango wa choo nimeutengeneza.

Kuna jambo moja nikwambie, kisha nikuache ukafanye kazi. Jioni niliyofika Joy alinisalimia, akanipokea mfuko, kisha akaenda kuangalia barabarani. Akarudi akaniuliza kwa nini nimekuacha peke yako kule nyumbani kwetu. Kumbe miaka yote hii mtoto alidhani tunakaa pamoja. Baba yuko Saudia, mama yuko Saudia, kwake hiyo ilikuwa nyumba moja.

Sikumsahihisha. Akataka kujua hiyo nyumba ikoje. Nikamwambia ina ua wa vigae. Dirisha lako linatazama mlango wangu, na asubuhi tunasalimiana kabla ya kazi. Akauliza kama kuna maua. Nikasema kuna nanaa, imejaa, mama yako huichuma ya chai.

Siku wakikurudishia simu na akakuuliza, tafadhali usinifanye mwongo.

Wako,
Baba Joy