Ufunguo wa Mke Mwenza

Jumanne, Oktoba 2021. Ingleburn. Mvua.

Imenyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na sijafua chochote. Leo wamekuja kumchukua mke mwenza. Nimelia mpaka mwenye duka la bunduki akaniomba radhi, maskini, na wala hakunikosea lolote.

Ngoja nianze vizuri, maana wapo wanaosoma ukurasa huu ambao hawanijui.

Mume wangu, Baba Cherop, alikuwa na bunduki. Bunduki ya kuwindia, ya halali, imesajiliwa kwa namba yake, na leseni yenye picha yake. Wengi hamkujua. Hata kanisani hatukusema, kwa sababu ukitaja bunduki mbele ya watu wetu hapa ughaibuni wanaona ama jambazi ama vita, na wengine wao vita hivyo wamevikimbia kwa miguu. Yeye alikuwa akiendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala hapa hapa Ingleburn. Mwenzake mmoja wa kazini akampeleka kwa mkulima aliyekuwa akisumbuliwa na nguruwe mwitu. Akarudi Jumapili ananuka moshi, anacheka peke yake. Nikajua nimeletewa mwenzangu.

Ile bunduki niliiita mke mwenza tangu siku sefu ilipofika. Ndiyo, alijengewa na nyumba: sefu ya chuma, imekazwa kwa nati sakafuni, ndani ya kabati la chumbani kwetu. Na sheria ya hapa ni kwamba asiye na leseni haruhusiwi kuufikia ufunguo. Hata kama ni mke wa ndoa. Hata kama ndiye anayefagia hicho chumba. Mimi nimetoka Taita na yeye Baringo, lugha yetu nyumbani ilikuwa Kiswahili, na katika Kiswahili chake chote hakuna maneno aliyoyapenda kama haya: "Sheria ni sheria, Mama Cherop."

Miaka sita sikujua ufunguo unalala wapi. Akitaka kufungua, ananituma jikoni nikatazame chai. Naenda, nasimama, natazama jiko. Hakuna chai motoni. Nasikia kabati linafunguliwa, naita kwa sauti, "Msalimie mwenzangu!" Anacheka.

Polisi walipokuja kukagua sefu, alipiga pasi shati jeupe. Mwanamume mzima anapiga pasi shati ili waje kumtazamia nati! Akanifanya nipike mandazi. Wale vijana hawakula, walitikisa sefu mara mbili, wakaandika, wakaenda zao. Yeye akala mandazi yote, anafurahi kama amefaulu mtihani.

Niliwahi kumuuliza anachokipenda kwenye kile chuma. Akaniambia kwao bunduki ilikuwa kitu cha watu wengine, inakuja usiku kuchukua mbuzi, na wewe umelala kifudifudi unaomba isikuone. Hapa wamemkagua, wamemuuliza maswali, wamemfundisha, kisha wakamwandikia jina lake wakasema huyu tunamwamini. Uraia alikuwa nao, lakini wageni aliwaonyesha leseni. Nilimcheka sana kwa hilo. Leo sina kicheko.

Mwezi wa nane akaugua.

Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari la wagonjwa, watu wamevaa plastiki kila upande. Siku ya tatu muuguzi akatupigia kwa video, amemshikia simu, kwa sababu walikuwa wanataka kumlaza usingizi kwa dawa na kumwekea mpira wa kupumulia. Alikuwa amechoka lakini macho yalikuwa yake. Akasema, "Mama Cherop, hebu sikiliza. Ule ufunguo..."

Nikamkatiza. Nikamwambia wee, usinivunjie sheria, ukiniambia nakushtaki.

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na muuguzi akatuambia kwa upole kwamba inatosha, apumzike. Nikapaza sauti kabla simu haijakatwa: utafungua mwenyewe ukirudi.

Hakurudi.

Sikutaka kujua, ndio ukweli wenyewe. Nilijua akinionyesha ulipo ufunguo anakuwa ameniaga, na mimi sikuwa tayari kuagwa.

Nikachagua suti ya kumzikia. Ile ya buluu, aliyoivaa siku ya kula kiapo cha uraia, na baada ya hapo kwenye harusi na misiba tu. Shati, tai, soksi mpya. Nikazipeleka kwa watu wa mazishi. Wakanirudishia mlangoni, kwa heshima kabisa: mwili umeshafungwa na hautafunguliwa. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kanuni hizo nazijua, nimewahi kuwaeleza watoto wa watu nikiwa nyuma ya dirisha. Kuzijua hakukunisaidia kitu. Nilirudi na ile suti kwenye kiti cha mbele, nikaifunga mkanda.

Tulizika tukiwa watu kumi. Kina mama wa kanisa letu kule Blacktown waliacha chapati na kuku mlangoni, wakasimama ng'ambo ya barabara, wakanipungia mkono. Hakuna aliyenishika. Nyumbani nikaitundika suti mlangoni mwa chumba, ikabaki hapo mpaka jana.

Halafu sheria ikanikumbuka. Au tuseme mimi ndiye niliyeikumbuka, maana niliwapigia polisi mwenyewe kwa woga. Mwenye leseni amefariki, ndani ya nyumba hakuna mwingine mwenye leseni, kwa hiyo bunduki haina ruhusa ya kukaa. Lakini tulikuwa tumefungiwa na amri ya corona, hakuna kutoka mbali wala kuingiza mtu. Yule wa kwenye simu akasema ibaki imefungwa mpaka mwenye duka la bunduki aruhusiwe kuja kuichukua. Akauliza ufunguo uko wapi. Nikasema sijui, sijawahi kujua. Akasema vizuri sana. Nimesifiwa kwa mambo machache maishani, na hilo ni mojawapo.

Kumbe shida yangu haikuwa polisi. Ilikuwa Cherop.

Binti yetu ana miaka kumi na saba. Alikuwa na kibali cha watoto cha kujifunza kulenga, akienda na baba yake kule shambani, anarudi na matope na hadithi ambazo hawakunisimulia. Alitaka bunduki ikahifadhiwe dukani mpaka afikishe miaka kumi na minane aombe leseni yake. Mimi nilisema itasalimishwa, ikatwe vipande, na nikiwa hai haingii bunduki nyingine humu. Akaniambia, "It's the one thing we did together, me and Dad." Kitu kimoja tu walichokifanya wawili, yeye na baba yake. Nikamjibu kwamba sikumzaa ili ashike bunduki. Tangu siku hiyo akawa ananiandikia ujumbe kwenye simu, yuko chumba cha pili. Chakula kiko tayari? Asante. Kama mpangaji.

Najua kwa nini nilitaka ikatwe. Nilitaka kuwe na kitu cha kuadhibiwa. Virusi sivioni, hospitali walijitahidi, Mungu naogopa kumgombeza. Akabaki mke mwenza.

Ufunguo tuliutafuta kila mahali, kila mtu na upande wake bila kusemezana. Viatuni, kwenye kisanduku chake cha vifaa, nyuma ya picha, kwenye mfuko wa mchele. Mwishowe mwenye duka akasema atakuja leo na fundi wa kukata chuma.

Jana mchana nikaona nitoe nguo chumbani zisirukiwe na cheche. Nikafika kwenye suti. Nikaishusha, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya miaka yote kabla ya kukunja nguo ya mume: ukaingia mifukoni. Mfuko wa ndani, upande wa moyo, kulikuwa na leso yake ya kujifutia, na ndani ya leso, ufunguo.

Nikakaa chini.

Wangeniruhusu kumvika, ningemfunga vifungo mwenyewe, na ufunguo ungelala kifuani mwake, ardhini. Nimeliwaza hili tangu jana na sijalimaliza. Je, aliuweka pale kwa sababu tangu corona hatukuwa na harusi wala msiba wa kwenda, kwa hiyo ile suti haiguswi? Au alijua ni suti gani nitaichukua siku ya kumzika? Labda ndilo alilotaka kuniambia kwenye simu, nisimzike nao. Sitajua kamwe, na ni mimi niliyemkatiza.

Sefu ilikuwa hapo hapo. Hakuna aliyeniona. Sikuifungua. Lakini nikiri: nililala nikitumaini kwamba ndani kuna kitu changu. Chochote tu. Mtu anakaa na sefu miaka sita, akose kumwekea mkewe kitu?

Mwenye duka alifika saa nne, mzee mpole mwenye barakoa; aliposikia ufunguo umepatikana, akamrudisha fundi wake nyumbani. Nikampa ufunguo. Kwa mazoea nikaanza kwenda jikoni; akaniambia naweza kubaki. Akafungua.

Bunduki. Kichupa cha mafuta. Na kitambaa kimezungushiwa mtutu vizuri, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kitambaa kilikuwa leso yangu ya kujifunga kiunoni. Ile nyekundu niliyonunuliwa na mama yangu kule Voi, iliyopotea, niliyoitafuta mwaka mzima nikisema imeibwa kwenye kamba ya nguo. Mume wangu ameichana nusu. Mke mwenza alikuwa amevaa leso yangu.

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Cherop alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, taratibu, mara ya kwanza ananisemesha kwa mdomo baada ya wiki nyingi, "Dad said it was the softest thing in the house." Kitu laini kuliko vyote nyumbani. Kwa hiyo mtoto alijua, wakanificha wote wawili, wakawa wananisikia nikilaani wezi.

Yule mzee akangoja, akaomba radhi yake, kisha akauliza: inasalimishwa au inahifadhiwa? Cherop akatazama sakafu. Hakuniomba tena.

Nikasema ihifadhiwe. Akifikisha umri na akipewa leseni, ni yake.

Nikatia sahihi, mke mwenza akatolewa amefunikwa mvuani. Leso nikaachiwa, na ufunguo, na ile sefu yenyewe ambayo haikuwa na mtu tena. Nikakaa kitandani, Cherop akaja kukaa kando yangu, bega lake limegusa langu. Nikaikunja leso, inanuka mafuta ya bunduki, nikairudisha ndani ya sefu, nikafunga. Nikamwekea ufunguo kiganjani. Nikamwambia kaufiche, na usiniambie ulipo.

Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba mle ndani hamna kitu, ni kitambaa tu.

"Sheria ni sheria," nikamwambia.

Kisha nikaenda jikoni, nikasimama kutazama chai ambayo haiko motoni, mpaka nikasikia amemaliza kuficha.