Harufu ya Kuungua Kwenye Gari la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kunicheka nicheke kwanza ndipo unijibu. Mimi ni kinyozi, nina mke na watoto wawili, na tangu baba mkwe wangu avunjike nyonga anaishi kwetu, na gari lake la gia za mkono, alilolitunza kama mboni ya jicho, amenikabidhi mimi ili nimpeleke mazoezi ya mguu kila Jumanne na Ijumaa, naye alikuwa dereva wa malori miaka thelathini, na siku ya kunipa ufunguo aliniambia, "Mwanangu, klachi si mahali pa kupumzishia mguu," nami nikaitika, "Ndiyo, baba," na mguu wangu ukapumzika papo hapo mpaka leo.

Basi wiki tatu zilizopita, tukipanda mlima wa kwenda hospitali, nilipokanyaga mafuta ikaja harufu ya kitu kinachoungua, nikiachia inapungua, nikikanyaga inarudi, nikajua nimeunguza klachi ya mzee, naye pale pembeni akainua pua akauliza, "Unasikia harufu ya kuungua?" na mimi, sijui ulimi wangu ulishikwa na nini, nikasema, "Hapana, baba, sisikii harufu yoyote."

Ningekomea hapo ingekuwa afadhali, lakini uongo hauzai mmoja: Ijumaa akauliza tena nikasema labda kuna watu wanachoma takataka, Jumanne nikaning'iniza manukato matatu kwenye kioo, akauliza tena, nikasema labda ni uchovu tu, baba, na tangu siku hiyo akaacha kuuliza. Nikadhani nimepona. Kumbe nyumbani mzee anaingia jikoni na magongo yake kukagua jiko ambalo halijawashwa, anatoka, anarudi kulikagua tena, na juzi mke wangu alinifuata kazini, mteja yuko nusu kichwa, akaniambia huku analia, "Baba anasema akili inamwacha. Anasikia harufu ya moto usiokuwepo. Ameniomba nimtafutie daktari wa kichwa, na nisikuambie wewe, eti anakuonea aibu."

Mshauri, yeye ananionea aibu mimi! Mashine iliniteleza mpaka mteja akaondoka na mfereji juu ya sikio. Nikisema ukweli, mzee atajua nimemharibia gari na juu ya hayo nimemdanganya. Nikinyamaza, ataenda kwa daktari kutibiwa uongo wangu. Nifanyeje?

Kinyozi Mwenye Aibu

*

Kinyozi,

Kwa mguu wako nimekucheka. Kwa mengine hukunichekesha hata kidogo. Mzee wa watu nyonga imemwangusha, nyumba yake ameihama, kilichombakia kizima ni akili, nayo ukaitia doa ili wewe usionekane dereva mbovu! Woga ninauelewa, mbele ya mkwe hata mtu mzima hujikuta mtoto. Lakini ulipoona anakagua jiko baridi, woga ulipaswa kuisha.

Harufu ya kuungua haingojei zamu ya gazeti, kwa hiyo nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika, siku ileile barua ilipofika. Wasomaji nao wajue nilichokuuliza. Ukikanyaga mafuta, injini inapiga kelele huku gari halina nguvu? Ukasema hapana, linavuta vizuri. Je, harufu ni kama kitambaa kilichoungua, au kama mafuta kwenye kikaango cha moto? Ukafikiri kidogo, ukasema kikaango. Nikakuambia basi huenda klachi unaisingizia. Inawezekana ni oili inavuja na kudondoka mahali penye moto, na gari linaweza kushika moto mkiwa ndani. Usiliendeshe. Mwite fundi aje nyumbani. Ila kabla ya fundi, mwambie mzee. Ukaanza, "Lakini mshauri..." Nikakata simu.

Jana nikapigiwa simu kutoka namba yako, na sauti haikuwa yako. "Mama, pua yangu ni nzima!" Mzee alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akanieleza ulivyokaa ukingoni mwa kitanda chake ukasema, "Baba, ile harufu niliisikia tangu siku ya kwanza."

"Siku zote zile?"

"Siku zote, baba."

Akasema alijikuta anakushika bega, kwa sababu usingizi aliokuwa ameukosa wiki nzima ulimjia palepale. Gari hata hakuliuliza.

Fundi alipofungua boneti alikuta gasketi, ule mpira unaoziba kava ya juu ya injini, imekauka na kupasuka, oili inachuruzika mpaka juu ya bomba la kutolea moshi. Mlimani, ukikanyaga mafuta, bomba linazidi kupata moto, oili inaungua. Ameweka gasketi mpya, amesafisha bomba, ameongeza oili iliyopungua. Klachi ingali hai, ingawa fundi amekuachia salamu kuhusu huo mguu.

Sasa nisikilize. Mzee amekusamehe haraka kwa sababu ameona ametoka kaburini. Usijidanganye kwamba kosa lilikuwa dogo. Mkeo naye alilia, na hajasikia neno lolote kutoka kwako. Mwombe radhi leo, mbele ya baba yake, bila "lakini". Kwa wiki moja tandika boksi chini ya injini gari likiwa limeegeshwa, uone kama kuna tone. Na kila Jumatatu asubuhi, injini ikiwa baridi, msindikize mzee mpaka nje, afungue boneti na kupima oili yeye mwenyewe. Kazi yako wewe ni kushika kitambaa na kusikiliza.