Mashua ya Mama Si ya Kukaa Uani

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichokuwa kinakukata maneno kwenye simu kimekuachia. Hapa hatujambo. Mama sasa anatembea na fimbo moja. Ile ya pili ameifanya ya kufungulia pazia akiwa amelala, na ukimwambia airudishe hospitali anajifanya hasikii. Nyonga inamsumbua asubuhi tu, ikishapata moto inatulia. Mimi nashona mapazia ya hoteli moja, mazito ya rangi ya udongo, na nimeyaota mpaka nimechoka kuyaota.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huongea na mimi husikiliza, halafu salio linakwisha kabla zamu yangu haijafika. Rafiki wa mume wangu, huyo shemeji yako, anasafiri kesho kuja huko, na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali mpe chai, amebeba hasira zangu bila kujua.

Maana nimekasirika, Kaka, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni haki yako. Mama anataka kuuza mashua. Daktari wa meno, yule wa jengo la benki, anakuja Jumamosi kuiangalia, na kwa maswali aliyoniuliza naona ataichukua. Wewe ulipoambiwa ukasema huo ni uamuzi wa busara. Mimi nasema uamuzi huo umezaliwa na ule ushauri wako wa kuitoa mashua gatini na kuileta uani, na kama hutanisikiliza sasa hutapata nafasi nyingine.

Najua utamsomea wifi, na yeye aliingia kwenye ukoo wetu baada ya mambo haya kuanza, kwa hiyo nieleze kidogo. Wifi, mama mkwe wako alikuwa mkunga mpaka alipostaafu. Wenzake walipostaafu walinunua makochi. Yeye alinunua mashua ndogo ya tanga, yenye kijumba ambacho watu wawili wanaweza kujikunja humo wakalala, akajifunza kuiendesha akiwa na wajukuu, akaiita Kitindamimba. Mimi niliyekishika cheo hicho tangu nizaliwe nilikipoteza siku hiyo kwa kitu cha mbao na kamba, na hakuna aliyenipa pole.

Mashua ilikuwa na nafasi yake gatini, imefungwa kamba nne, mlingoti umesimama muda wote, tanga limekunjwa chini ya kifuniko nilichoshona mwenyewe. Mama alikuwa anashuka kwenye basi, anatembea juu ya mbao za gati, anashika kile chuma cha pembeni, anaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Basi, yumo. Ukimpelekea chai akiwa bado anafungua kamba, ukirudisha kikombe tayari amekwenda. Hakuhitaji mtu.

Halafu akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Wewe ukatuma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya bajeti, shemeji yako akauweka kwa sauti ya juu sebuleni tukausikiliza wote kama familia iliyokusanyika kwa ajili ya wosia. Ukasema mashua inayokaa majini inaliwa. Ukasema kamba zinasagika, dhoruba zinakuja, na mwenye mashua yuko kitandani. Ukasema mashua ya ukubwa ule imetengenezwa kubebeka, kwa hiyo ibebwe, iwekwe nchi kavu ambapo mtu anaiona kila siku. Ukanunua na trela. Mama alipotoka hospitali akaikuta uani, nje ya dirisha la chumba chake, imefunikwa turubai la bluu. Akasema asanteni sana wanangu.

Sitaki uone kwamba nakuonea, kwa hiyo nakubali yale uliyosema kweli. Ilipotolewa majini chini yake palikuwa na magamba na manyasi kama uso wa mtu aliyelala msituni mwaka mzima. Shemeji yako aliisugua mpaka viganja vikachubuka. Na dhoruba ile ya mwezi wa tano ilikata kamba za mashua ya jirani yetu pale gatini, ikaibamiza ukutani mpaka ubavu ukapasuka. Ya kwetu wakati huo ilikuwa uani, imelala salama, na kuku wa jirani wamejificha chini yake. Siku hiyo ulinipigia simu kuniuliza nasemaje. Nikakuuliza habari za watoto, na wewe ukafurahi.

Lakini kuku si mabaharia, Kaka. Mashua tunayo, safari hatuna. Wewe unafikiri kuitoa uani ni kama kutoa baiskeli. Kwanza unamtafuta Fundi Mageti, jirani yetu anayechomelea mageti, kwa sababu ndiye pekee mwenye gari lenye ndoano ya kuvutia trela. Akiwa na kazi, safari imeishia hapo. Akipatikana, magurudumu yamekosa upepo. Yakijazwa, foleni pale kwenye mteremko wa kushushia mashua ni ya watu wanaogombana kila mmoja na mke wake. Ikifika zamu yako ndiyo unaanza kusimamisha mlingoti, na mlingoti hausimamishwi na mtu mmoja. Mmoja anaunyanyua, mmoja anavuta kamba kutoka mbele, wa tatu anaangalia zile waya za pembeni zisijinase popote, na zinajinasa tu. Mpaka ukamilike, upepo umeshalala na watu wa foleni wamekutukana vya kutosha. Mara nyingine zote tulizojaribu tulirudi nyumbani bila kugusa maji.

Jumamosi ya wiki iliyopita tuligusa. Nikueleze vizuri, maana najua shemeji yako amekupa toleo lake fupi.

Pale kwenye mteremko hakuna gati la kukanyagia. Mtu anayeweza kuingia majini mpaka magotini anapanda mashua ikishaelea. Mama hawezi, kwa hiyo ilibidi apande ikiwa bado juu ya trela, na ubavu wake hapo ni mrefu kuliko mimi. Tulileta ngazi. Alipanda vipandio viwili, nyonga ikagoma. Akasimama pale, foleni nzima inamtazama, haendi juu wala harudi chini. Fundi Mageti, ambaye ana roho nzuri na mikono kama nguzo, hakumwuliza mtu. Akamkumbatia, akamnyanyua, akamweka ndani. Kuna mama mmoja kwenye foleni akasema maskini, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa majini aliisikia.

Tukashusha. Sasa, chini kabisa nyuma ya mashua pana tundu, na tundu lina kizibo. Mashua ikikaa nchi kavu kizibo hutolewa ili maji ya mvua yatoke. Ikikaa majini, kizibo hakiguswi. Mashua ya Mama ilikaa majini miaka yote, kwa hiyo hilo la kukagua kizibo halimo kabisa kichwani mwake. Aliyekitoa ni shemeji yako, kama ulivyomwelekeza kwenye ile hotuba, akakitundika jikoni kwenye msumari wa funguo ili kisipotee. Hakikupotea. Sisi tukiwa tunasukuma mashua majini na Mama ameshika usukani, kizibo kilikuwa kimening'inia jikoni.

Mama akasema, "Mbona miguu yangu imelowa?"

Shemeji yako akajibu, "Ni mawimbi, Mama. Leo yako juu kidogo."

"Mawimbi hayaanzii ndani, baba."

Ndipo shemeji yako alipoelewa, na rangi aliyogeuka sijawahi kuiona kwa binadamu. Tuliivuta kwa winchi ya trela, tunateleza, tunakemeana, maji yanamwagika kwa nyuma kama bomba lililopasuka, na Mama amekaa humo ndani huku anapandishwa mteremko kama mzigo uliokataliwa forodhani. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha za video. Wengine wakapiga makofi. Nilitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja, na ningeanza na shemeji yako. Kisha Fundi Mageti akambeba tena kumshusha.

Tulipofika getini Mama akasema, "Iuzeni. Imeshanizidi." Akaingia ndani kubadilisha soksi.

Kwa siku kadhaa niliamini kwamba ni maji yaliyomtisha, au aibu ya makofi, na nikawa namwambia kizibo ni jambo dogo, halitarudia. Alikuwa ananiitikia tu. Jumatano nilikuwa namshikisha pazia ili nipime upindo, na nikamwuliza moja kwa moja kwa nini anaiuza. Akaniambia kwamba maisha yake yote ya kazi yeye ndiye aliyekuwa anawapokea watu mikononi, na hakuwahi kujua mwenye kushikwa hujisikiaje mpaka siku ile. Halafu akaniuliza kama mapazia yatakwisha kwa wakati.

Nilitoka nje nikalia. Na nilipomaliza kulia nikakasirika upya, maana niliona tulivyo wajinga sisi sote. Tumebishana mwaka mzima kuhusu kamba, magamba na dhoruba, tukasahau kuuliza yeye anapandaje. Mama hajaichoka mashua, Kaka. Amechoka kubebwa. Ikikaa uani hawezi kuipanda bila kubebwa. Gatini anaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, na fimbo yake ataitundika kwenye chuma.

Kwa hiyo nimekwenda mwenyewe kwa msimamizi wa gati. Nafasi yetu ya zamani imeshapata mtu. Iliyobaki ni ile ya mwisho kabisa karibu na pampu ya mafuta, inanuka, na watu wa boti za injini wanapita hapo kwa fujo. Nimemwambia asimpe mtu mpaka nimjibu. Shemeji yako, ambaye tangu siku ile ananiogopa, amekubali kukagua kamba kila akitoka kazini na kuzifunga mara mbili ikitangazwa dhoruba. Trela lako halitatupwa. Mara moja kwa mwaka tutaitoa mashua, tutaisugua, tutaipaka rangi ya kuzuia magamba na kuirudisha majini, na siku hiyo Mama atakuwa amekaa kwenye kiti pembeni anatoa amri.

Najua kinachokutisha hasa. Hukukitaja kwenye ujumbe ila mimi ni mdogo wako, nakujua. Unaogopa upigiwe simu huko uliko uambiwe Mama ameanguka majini na hakuna aliyemwona. Hata mimi naogopa. Safari hii atavaa jaketi la kuokolea maisha, na mpaka atakapopona vizuri nitakwenda naye mimi, ingawa unajua tumbo langu na mawimbi haviivi chungu kimoja. Nitatapika upande usio na upepo kama alivyonifundisha.

Kinachonishinda ni kitu kimoja tu. Mama ananisikiliza mimi kama anavyosikiliza redio, inaongea huku yeye anaendelea na shughuli zake. Nikimwambia arudishe mashua majini anaona namhurumia, na huruma ndiyo hasa aliyoikataa. Wewe ukisema anakaa kitako. Basi mpigie kabla ya Jumamosi. Usitume ujumbe wa sauti, nakuomba kwa heshima zote, piga. Usimwambie kuhusu ngazi wala kubebwa, wala kwamba ni mimi niliyekuomba. Mwambie umefikiri tena kuhusu mashua na umeona ulikosea kuitoa gatini. Najua neno hilo ni zito kinywani mwa mzaliwa wa kwanza. Lifanyie mazoezi mbele ya wifi, atakusaidia kwa furaha.

Na usipopiga, daktari wa meno atakuja, atazunguka mashua akiigonga ubavu kwa kidole kama anavyogonga meno ya watu, ataivuta na kwenda nayo. Uani patabaki peupe. Mimi na wewe tutaendelea kupigiana simu kila Jumapili, na sijui nitakuwa naongea nawe kwa sauti gani. Hilo nalisema kwa sababu nakupenda.

Msalimie sana wifi, na mwambie vipimo vya dirisha alivyotuma havitoshi, apime tena kuanzia juu ya fremu. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Shemeji yako anakusalimu kwa unyenyekevu mkubwa. Fundi Mageti naye anakusalimu, na anauliza kama huko wanachomelea mageti.

Mama amepita hapa sasa hivi, akaniona naandika, akauliza nani huyo anayestahili karatasi yote hiyo. Nikamwambia ni wewe. Akaegemea fimbo, akasema nikusalimie sana, nikuambie usiwe na wasiwasi wowote, ulifanya vizuri, mashua iko salama kabisa hapo uani. Kanisisitizia nisisahau. Basi nimekuambia.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na usikivu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata wiki hii.