Bakuli la Makombo

Dada yangu mpenzi,

Mwanao, huyu wangu mdogo, sasa hivi amenijia na kipande cha mkate alichokilowesha kwa mate, akanisukumia mdomoni akitaka nimalizie. Nimefumba midomo. Akanikodolea macho kama mtu aliyekuta mlango wa kwao umefungwa, kisha akakitia mwenyewe kwenye bakuli. Kabla sijakueleza habari ya bakuli, hali yako? Mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha? Miguu imepunguza kuvimba? Sisi huku wazima, na mama mkwe anakusalimu. Mdomo wake mzima kuliko sisi sote.

Ulivyoniona mara ya mwisho ulinicheka, ukasema nimeamua kuukana ukoo wetu wa wanene, sili. Kweli nilikuwa sili. Nilishinda na chai tupu kule kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli, mpaka siku moja nikaangukia rundo nililotoka kulipiga pasi. Msimamizi akasema kama nataka kulala nipite mapokezi kama wageni wengine. Nilicheka na wenzangu, moyoni nalia, maana mizani haikuwa imesogea hata chembe.

Kliniki wakanipeleka kwa mama mmoja, mtaalamu wa lishe. Mwenyewe mnene, mpaka mama mkwe akaninong'oneza kwamba mganga hajigangi. Lakini dada, alinieleza jambo ambalo nikilikumbuka nasisimka. Alisema mwili haulali. Mimi nikikoroma, moyo unasukuma damu, mapafu yanapanda na kushuka, na vyote hivyo vinachoma chakula. Kipimo cha moto huo ndicho wanachokiita kalori. Nikila sawa na ninachochoma, nabaki nilivyo. Nikila pungufu kidogo kila siku, mwili unakwenda wenyewe kwenye mafuta uliyoyaweka akiba na kuziba pengo. Akasisitiza: kidogo, si kujiua kwa njaa. Hebu fikiria! Miaka yote natembea na ghala, sina habari.

Nikamwambia basi ghala langu limekwama mlango, kwani sili. Hakubishana. Akaniagiza kwa siku moja tu, kila anachobakiza mtoto ambacho ningemalizia, nikitie kwenye bakuli. Nikaona ananidharau. Makombo ya mtoto nayo ni chakula? Si tumelelewa kwamba chakula hakitupwi, na mama ndiye jalala la nyumba? Jioni bakuli lilikuwa limejaa: uji ulioganda, nusu yai, ndizi zilizong'atwa, wali uliochezewa, mkate ulioliwa katikati. Mama mkwe akachungulia, akauliza ni mgeni gani hajala. Nilikaa chini, dada. Kumbe kila siku nilikuwa nakula sahani ya mtu mzima bila hata kuketi.

Tangu hapo bakuli limebaki pale pale, na mtoto nampakulia kidogo, akitaka anaongezwa. Nami nakula vizuri, asubuhi, mchana na jioni. Mizani ikaanza kushuka, polepole. Kuna wakati nasimama na pasi mkononi, najigusa tumbo, nabaki nimeduwaa: humu ndani kuna kazi inaendelea, wala sijaamrisha mtu.

Sasa nikueleze nililokuficha. Ulidhani natafuta urembo, nami nikakuacha udhani hivyo. Daktari wako alinipima, akasema figo yangu inakufaa, ila kwa uzito ule hawawezi kunipasua. Wewe ulikuwa umeshakataa kabla hujaulizwa, ukisema nina mtoto mdogo, ndiyo maana nikanyamaza. Juzi wamenipima tena. Wamekubali. Hawakunificha kwamba kisu ni kisu. Lakini mwili huu ulioniwekea akiba bila kuniuliza umeniwekea na figo mbili, na daktari anasema moja inatosha kumlea mwanao. Limebaki neno lako tu. Usilikalie.

Msalimie shemeji, na umwambie nakuombea kila nikitia maji mdomoni, maana najua wewe unapimiwa.

Mimi mdogo wako,
Bonge (jina hili sasa linanipwaya)

Mama mkwe ananiita, mwanao amejivika bakuli kichwani na makombo yote yamemmwagikia. Nakimbia, ila dada, ukisema ndiyo, mimi...