Majani yaliyokataa kufunga

Devo, utafiti wangu umekufa. Bado siamini.

Si nilimwambia msimamizi wangu, Dk. Gerald, maharage niliyopanda kwa bibi kule Mabwerebwere yakinyimwa maji hayafungi matundu ya majani kutunza maji kama mimea mingine? Kwamba ishara ya kalsiamu kwenye seli za matundu, ile inayoyaamuru yafunge, haipandi? Tukaandika hadi ripoti.

Leo bibi ananiambia, "Yale usiyoyapa maji niliyaonea huruma, mjukuu wangu. Nayamwagilia kila ukiondoka."

Kila nikiondoka, Devo. Miezi minane.

Nikasema ahsante bibi.

Nikampigia Dk. Gerald, nikamweleza yote. Akasema, "Ripoti tunaifuta. Panda upya. Na bibi mpe tuta lake la kumwagilia."

Sijalia wala sijacheka. Nimekaa tu barazani.