Runa na Miguu Yangu Mtini

Gitte we, kaa kwanza. Leo nimekwama juu ya mti pale kazini, kwenye klabu ya watoto.

Ndiyo, mti. Ndiyo, mimi, ninayewahubiria watoto ujasiri kila siku 😭

Unamkumbuka Runa, yule binti wa miaka kumi na miwili? Miezi mitatu yuko klabuni, hajamwambia mtu neno. Leo akapanda mti, nami nikamfuata. Si ndivyo tulivyofundishwa chuoni, fanya pamoja na mtoto?

Yeye akashuka kama paka. Mimi miguu ikagoma. Nikalia, Gitte. NIKALIA.

Mara nasikia sauti chini: "Bodil, usiangalie huku. Shusha mguu wa kushoto. Hapo hapo. Sasa pumua."

Runa! Runa anaongea! Nusura nidondoke kwa mshangao.

Nilipofika chini akaninong'oneza, "Usijali, sitamwambia mtu."

Mwongo huyo!! Naingia jikoni, wenzake wote wameacha mikate ya mdalasini wanamsikiliza. Yuko juu ya kiti, anaigiza miguu yangu ilivyotetemeka, anasimulia kwa sauti, hakamatiki.

Nikajibanza nyuma ya mlango. Machozi yangu kayafanya ndoo mbili, na sikumsahihisha.